Haki ya Mwenda kwa Miguu katika Fedha za Umma

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetutandikia ardhi tukapata pa kupita, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, mwezi uliopita tulimzika kijana wa miaka 11. Alikuwa akirudi chuoni baada ya Alasiri, na juzuu yake kifuani. Njia aliyoishika ni barabara ya lami ambayo magari hupita mbio, na ukingoni mwake hamna mahali pa mtu kukanyaga. Palipokwisha lami ndipo paanzapo mtaro ulio wazi, wenye kina cha kiuno cha mtu mzima. Kwa hivyo watoto wetu huenda juu ya lami yenyewe, mmoja nyuma ya mwenziwe. Gari moja lilitaka kulipita jingine, likamkuta yeye. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Makaburini kila mtu alisema kuwa ni kadari, nami nilisema hivyo. Nilipokwenda kutoa pole, nyanya yake, bibi mzee aliyenisomesha alifu nilipokuwa mdogo, aliniambia: "Mwanangu, kifo ni amri ya Mungu, wala sina la kusema. Lakini ule mtaro uliamriwa na nani?" Sikuwa na jawabu siku ile. Haya niyaandikayo leo ndiyo jawabu langu, ijapokuwa limechelewa.

Kwanza natuliondoe kosa katika vichwa vyetu. Kuamini kadari ni nguzo katika nguzo za imani, na asiyeiamini imani yake haikutimia. Lakini kadari haikuwekwa iwe pazia la kuuficha uzembe wa wanaadamu. Twajua sote habari za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa akiiendea nchi ya Sham, akapashwa khabari kuwa kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza je, anaikimbia kadari ya Mungu? Umar akamfahamisha kuwa anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine. Na Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui kumfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Basi mji uliojenga barabara ya magari na usijenge mahali pa kupita watoto, ni mji ulioacha ngamia wake bila ya kumfunga. Hauna haki ya kusema kadari kabla ya kusema kosa letu.

Wako wadhanio kuwa mambo ya njia ni ya wahandisi na wanasiasa, wala dini haina neno hapo. Dhana hiyo si sahihi. Imepokewa kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliihesabu kazi ya kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni tawi mojawapo la imani, na kwamba mtu mmoja alisamehewa madhambi yake kwa kuuondoa tawi la miba katika mapito ya watu. Imepokewa vile vile kuwa aliwakataza sahaba zake kukaa njiani, na walipotoa udhuru kuwa hawana budi na baraza zao, aliwaamrisha waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia udhia. Na watu wakigombana juu ya upana wa njia, alihukumu iachwe dhiraa 7. Itazame hukumu hiyo kwa makini: njia haikuachiwa mwenye nguvu aipunguze apendavyo, bali ilipimwa.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wakayafuata hayo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kwamba njia ya watu wote haifai kutendwa jambo lenye kuwadhuru wapitao. Mwenye nyumba akitaka kutokeza roshani juu ya njia, sharti aiinue hata mtu aweze kupita chini yake akiwa amesimama wima. Na kama njia ile hupitwa na wapanda farasi na misafara, basi aiinue zaidi, ngamia apite na kiti chake. Na kujenga dakka au kupanda mti njiani, akalikataza. Sasa fikiri, ndugu yangu. Kipimo cha kwanza alichokitaja fakihi huyu ni mwenda kwa miguu. Mpanda mnyama amekuja baada yake, naye akaongezewa nafasi pasipo kumpunguzia yule wa kwanza. Katika miji yetu ya leo mambo yamegeuzwa: mwenye gari hupimiwa kwanza, na kibakiapo, kama kikibaki, ndicho apewacho mwenye miguu.

Hata katika salamu Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa aliyepanda ndiye amwanzaye aendaye kwa miguu. Mwenye nguvu njiani ndiye aliyekalifishwa unyenyekevu. Katika barabara zetu mwenye gari amwanza mwenye miguu kwa honi.

Sasa tuje katika hesabu, maana uadilifu hautimii kwa maneno matupu. Katika mji wa Nairobi, uchunguzi wa safari uliofanywa mwaka 2013 kwa ajili ya mpango mkuu wa mji ulionyesha kuwa kiasi cha safari 4 katika kila 10 zilikuwa za miguu mitupu tangu mwanzo hata mwisho. Safari za gari la mtu binafsi zilikuwa chache mno kuliko hizo. Na hata apandaye matatu hutembea hadi kituoni, na ashukapo hutembea tena. Kwa ufupi, mwenda kwa miguu si mtu wa kando katika mji ule. Yeye ndiye mji wenyewe.

Kisha tazama hesabu ya vifo. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, waliokufa barabarani katika Kenya ni zaidi ya watu 4,300, na yapata thuluthi moja yao walikuwa wakienda kwa miguu. Ulimwenguni kote Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 walikufa watu milioni 1.19 kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni wenye miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Hao ndio wasio na chuma cha kuwakinga. Basi aliye wengi kwa idadi na mwingi kwa hatari, ndiye aliye mchache katika matumizi ya fedha. Hiyo si kadari. Huo ni mgawanyo, na mgawanyo hufanywa na watu.

Hapa wengine hunijibu: "Barabara zajengwa kwa kodi ya mafuta, na mafuta hununuliwa na wenye magari. Asiye na gari atadai nini?" Hoja hii husemwa na watu wenye akili, kwa hivyo yafaa ijibiwe taratibu.

Katika Kenya kila lita ya petroli na dizeli ina kodi ya kutengenezea barabara. Mwezi wa Julai mwaka 2024 kodi hiyo iliongezwa kutoka shilingi 18 hata shilingi 25 kwa lita. Tuseme matatu moja hutumia lita 40 kwa siku: kodi yake ni shilingi 1,000. Je, mwenye matatu huitoa katika mfuko wake? La. Huitia katika nauli, na nauli hulipwa na mama auzaye maandazi, na mwanafunzi, na kibarua. Kadhalika unga na sukari na mafuta ya kupikia huja kwa lori, na kodi ya dizeli imo ndani ya bei yake. Juu ya hayo iko kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, aitoayo hata asiyepata kupanda gari maisha yake. Kwa hiyo mwenda kwa miguu amelipa. Amelipa kwa njia asiyoiona, na kwa sababu haioni huambiwa kuwa hakulipa. Wala miguu yake haichimbi mashimo katika lami, wala baiskeli yake haivunji daraja.

Wengine husema: "Nchi ina dhiki. Hospitali hazina dawa, nanyi mwataka njia za kutembelea?" Najibu kuwa hatuombi fedha za hospitali. Twaomba fungu letu katika fedha zilizokwisha kutengwa kwa barabara. Njia ya miguu ikijengwa pamoja na barabara ni gharama ndogo katika gharama yote. Ikisahauliwa, kuirudia baadaye ni ghali, na watu huwa wamekwisha kuzikwa. Na hao majeruhi walalao wodini miezi mitatu, miguu yao imefungwa chuma, je, hawali dawa za hospitali hiyo hiyo?

Kuna kanuni ya fikihi isemayo kwamba mamlaka ya mtawala juu ya raia yamefungamana na maslaha yao. Mtawala si mwenye mali ya umma, ni mwangalizi wake, kama mlezi wa yatima. Na husimuliwa sana juu ya Sayyidna Umar kuwa alichelea kuulizwa na Mola wake hata juu ya mnyama ajikwaaye huko Iraq kwa sababu hakumtengenezea njia. Ikiwa hiyo ndiyo khofu yake kwa mnyama, itakuwaje kwa mtoto mwenye juzuu?

Wala haya tuyasemayo si mageni kwa sheria ya nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, yataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa uadilifu, na matumizi ya fedha za umma yalete maendeleo yenye usawa, na wananchi washirikishwe. Mji wa Nairobi ulitoa mwaka 2015 sera yake ya usafiri wa miguu na baiskeli, na ndani yake ukaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha zake za ujenzi wa barabara kwa ajili ya miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Mwaka uliofuata Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hapo hapo, liliyataka mataifa yatenge walau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa kutembea na baiskeli. Maana yake ni shilingi moja katika kila tano. Hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Mwenye kudai deni kwa adabu hana lawama.

Nasi tumeona kuwa jambo hili lawezekana. Pale Likoni, Mombasa, mwenye gari hulipa ili kuvuka kwa feri, na mwenye miguu huvuka bure. Hii ni sadaka ya umma kwa umma, na hakuna aliyefilisika kwayo. Mwanzoni mwa mwaka 2021 likafunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni, lililojengwa kwa ajili ya waenda kwa miguu tu. Katika Dar es Salaam, barabara ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi mwaka 2016 ilijengwa pamoja na njia za miguu na za baiskeli kandoni mwake. Na katikati ya Nairobi, kati ya mwaka 2020 na 2022, njia za miguu zilipanuliwa katika baadhi ya barabara kubwa. Twashukuru, maana asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu.

Lakini mwaka 2022 huo huo ilifunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hata Westlands, ambayo mwenye miguu na mwenye baiskeli hawaruhusiwi kuikanyaga. Wapitao huilipia ada, ni kweli; walakini ardhi zilikosimamishwa nguzo zake ni ya watu wote. Ilipasa wanaopita chini ya nguzo hizo wawe wa kwanza kuulizwa watapita wapi.

Na uadilifu hauishi katika kiasi cha fedha. Umo pia katika mahali zinapotumika. Njia nzuri ya mawe, yenye miti na taa, haifai kujengwa penye majumba makubwa na wapita njia wachache, na mitaa yenye maelfu ya watembeao alfajiri ikaachiwa matope. Aanziwe aliye katika hatari zaidi. Tena njia isiwe jina tu. Iwe pana hata wapishane mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye bakora, mtaro ufunikwe, pawe na taa, ili wanawake warudi Isha kwa amani, kiguu cha njia kiteremke penye kivuko, ili kiti cha magurudumu kipite. Na kivuko kiwe chini, penye watu, na magari yapunguziwe mwendo. Shirika la Afya Duniani lapendekeza kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Ukimwambia ajuza apande ngazi za daraja refu ili gari lisichelewe dakika moja, umempa mwenye nguvu na umemnyima dhaifu.

Sasa natuseme na nafsi zetu, maana haitufalii kudai haki kwa serikali tukaidhulumu sisi wenyewe. Siku ya Ijumaa, ni nani aegeshaye gari juu ya njia ya miguu mbele ya msikiti, hata mzee akashuka barabarani ili afike kuswali? Ni sisi. Ni nani atandazaye bidhaa za duka lake hata nje, akaacha upenyo wa mtu mmoja? Ni sisi. Na kijana aendeshaye bodaboda juu ya njia ya miguu kwa kuwa ana haraka, ni mwana wetu. Fakihi alipolikataza dakka njiani hakusema kuwa dakka la mcha Mungu laruhusiwa. Kila kamati ya msikiti na iweke watu wawili siku ya Ijumaa wa kuiweka wazi njia. Hilo halingoji bajeti.

Ama bajeti nayo ina majira yake, na ayajuaye hasemi akachelewa. Katika Kenya mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kila serikali ya kaunti hutakiwa kuupeleka mwelekeo wa matumizi yake katika bunge la kaunti kabla ya kwisha mwezi wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya kwisha Aprili. Kabla ya hapo huitwa mikutano ya kusikiliza raia. Aghalabu viti vya mikutano hiyo huwa vitupu, kisha mwaka mzima tukalalamika barazani. Nendeni, enyi wazazi, mkaulize maneno matatu tu: Mwaka huu fedha ngapi zimetengwa kwa lami ya magari, na ngapi kwa njia za miguu na baiskeli? Katika wadi zipi? Na zile za mwaka jana, zilitumika ngapi na wapi? Yaandikeni majibu. Na kifungu cha 37 cha Katiba chawapa haki ya kupeleka ombi kwa maandishi, bila ya ghasia wala matusi.

Nanyi vijana, nawapa kazi. Chagueni njia panda moja mtaani kwenu. Kaeni hapo baada ya swala ya Alfajiri, kwa saa moja na nusu, wawili wawili, na daftari. Hesabuni wenye miguu, hesabuni wenye baiskeli, hesabuni waliomo magarini. Andikeni pia wangapi walishuka juu ya lami kwa kukosa pa kupita. Fanyeni hivyo siku tatu. Karatasi hiyo yenye hesabu ya kweli itakuwa na uzito mbele ya diwani wenu kuliko hotuba, na nyinyi mtakuwa mashahidi wa haki. Wala msione haya kupanda baiskeli wala kutembea. Jamaa wa Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Madina, Mtume (S.A.W.) aliwataka wakae pale pale, akawabashiria kuwa hatua zao zaandikwa. Basi hatua ya muumini ina thamani kwa Mola wake, haifai iwe haina thamani katika daftari za mji.

Nalikwenda tena kwa yule bibi baada ya arubaini ya mjukuu wake. Nikamwambia: "Mama, mtaro haukuamriwa na Mungu. Umeachwa na watu, nami ni mmoja wao." Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza mkutano wa bajeti ni lini, na kama wazee huwekewa kiti. Nilimwahidi kuwa nitakuja kumchukua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wetu, awape subira wazazi wake, awaongoze wenye mamlaka juu yetu katika uadilifu, na atuwezeshe sisi kuipa njia haki yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.